Mtoataarifa Namba Saba

"Boksi limefika?"

Hakunisalimia. Felisita niliyemzoea mimi huanza na "umeamkaje, baba," halafu anauliza kama nimekula. Alhamisi ile alianza na boksi.

"Limefika," nikamjibu. "Kondakta kalishusha sasa hivi, lipo hapa miguuni."

"Usilifungue."

"Kwa nini?"

"Nina vipindi mpaka saa tisa. Nikitoka nakuja hapo, tunalifungua wote."

"Felisita, hivi ni vitabu. Vimetoka Mwanza kwa basi kama vinavyotoka kila mwezi. Kuna mzee anasubiri mashairi yake, basi lake linaondoka saa sita."

"Jumamosi unaleta ng'ombe kwetu, halafu boksi la vitabu unaninyima?"

Nikacheka. Mwanamke akishakutajia ng'ombe ulioahidi kuwapeleka kwao, unamkubalia chochote.

"Haya mama. Nakusubiri."

"Niahidi."

"Nimeahidi."

Akakata simu. Nilikaa nikitabasamu kama mjinga mbele ya kibanda changu, simu mkononi.

Niseme mapema mimi ni nani, ili usije ukanitafutia sifa nisizokuwa nazo. Naitwa Ngassa Mayige, mtu wa Mwandoya, nina miaka arobaini na sita. Shule niliiacha darasa la tano. Baba alinikabidhi fimbo na ng'ombe thelathini, akaniambia daftari langu ni hilo. Leo nauza vitabu karibu na stendi ya Bariadi, na watu wakiambiwa darasa langu hucheka mpaka wanashika mbavu. Nauza vya wasomi, vya mashairi, na vile vya zamani vinavyochapwa upya kwa jalada jipya. Kusoma najua, lakini polepole, na maneno ya wasomi hunishinda. Kitabu nakijua kwa mgongo wake na kwa mtu anayekiulizia.

Felisita Anatoli ndiye aliyenifundisha kipi ni cha nani. Anafundisha Kiswahili sekondari. Alikuja kununua diwani moja ya mashairi miaka mitatu iliyopita, akarudi wiki iliyofuata, akarudi tena. Julai mwaka jana nikatuma washenga kwao Sola. Baba yake, Mwalimu Anatoli, akakubali ng'ombe kumi na mmoja. Kilichobaki ilikuwa kuwafikisha Jumamosi hiyo, halafu padri.

Jirani yangu ni Joyness, mwenye mashine ya kutoa nakala. Alikuwa amesikia simu yote.

"Shemeji kakukataza kufungua boksi?"

"Anataka tufungue wote."

"Mapenzi ya walimu hayo," akasema. "Sisi wengine tunafungua soda pamoja, wao wanafungua boksi."

Yule mzee wa mashairi akafika saa nne na nusu. Alikuwa bwana shamba zamani, mpole, kofia mkononi.

"Mwangaluka, Ngassa. Kitabu changu kimo?"

Nikamtazama yeye, nikalitazama boksi. Ahadi niliyoitoa nilikuwa nayo kichwani. Lakini mzee ametoka Nassa kwa ajili ya kitabu kimoja, mimi nimwambie nini? Kwamba mchumba wangu anataka raha ya kukata kamba? Nikachukua kisu.

Mzee akapata diwani yake akaondoka. Boksi lilikuwa wazi tayari, nikaendelea kupanga. Juu vilikuwepo vya zamani vilivyochapwa upya, vinane. Katikati mashairi. Chini kabisa, nakala kumi za kitabu kimoja cha kijani ambacho sikuwahi kukiagiza, na karatasi ya muuzaji wa Mwanza: "Hiki ni cha huko kwenu, jaribu."

Nikasoma jalada kwa kidole. *Fimbo na Wimbo: Ushairi wa Wachungaji wa Simiyu.* Chini yake: Dkt. Method Paschal.

"Joyness! Njoo uone! Method katoa kitabu!"

"Method yupi?"

"Dokta! Yule wa chuo, mtoto wa Nassa, anayekaaga hapa kwenye benchi langu akija likizo. Anaandika mambo ya nyimbo za zamani. Mimi ndiye niliyemjulisha kwa Felisita, maana alitaka mtu wa kumsaidia Kisukuma cha ndani. Tazama, mtu kakaa kwenye benchi hili hili, leo yuko kwenye jalada!"

"Sasa na wewe ungeandika. Benchi si lako?"

Tukacheka. Nilifurahi kweli, naapa. Nilidhani nimeshajua kwa nini Felisita hakutaka nifungue. Alitaka anishangaze.

Sasa nina tabia moja ya kazi. Hawa wanaochapa upya vitabu vya zamani hurukaruka kurasa. Kuna mwaka nilimuuzia padri kitabu kilichofika ukurasa wa 64 kikaingia wa 97. Alikirudisha kwa upole, na upole wa padri unauma kuliko matusi. Tangu siku hiyo kitabu hakitoki kibandani bila mimi kuhesabu kurasa, cha zamani au kipya. Natazama namba tu pale chini. Maneno siyasomi. Felisita alikuwa akinicheka: "Wewe unahesabu vitabu kama ng'ombe wanaoingia zizini. Hata usoni huwatazami."

Nikaanza kuhesabu cha Method. Mia moja arobaini. Mia moja arobaini na moja. Mia moja arobaini na mbili, jicho likapanda juu lenyewe.

Liliona neno Mbula.

Mbula ni mvua kwa Kisukuma, neno la kila siku. Lakini Mbula wangu alikuwa ng'ombe. Alizaliwa siku mvua iliponyesha baada ya kiangazi kirefu, nikampa jina hilo mimi mwenyewe, mtoto wa miaka kumi asiye na viatu. Ukame uliofuata ukamuua. Jina hilo sikumwambia mtu, mpaka nilipompenda Felisita. Yeye nilikuwa namtumia sauti kwenye simu, maana kuandika naona aibu. Nilikuwa namsifu kama wachungaji tunavyosifu ng'ombe tunayempenda kuliko wote, kwa Kisukuma, na nikamwita Mbula. Sauti hizo zilikuwa za masikio mawili tu.

Nikasoma pale kwa kidole. Wimbo wangu ulikuwa umetafsiriwa kwa Kiswahili, vizuri:

*Mbula, ukienda majini wengine wote husimama.*
*Kovu la goti lako kidole changu kinalijua bila taa.*
*Nilikuwa bila viatu, ukanitazama usoni.*
*Leo wamemfukia aliyenizaa, nimebaki na wewe.*
*Siku watakapokuuza, wauze na fimbo yangu,*
*maana sitaswaga mwingine.*

Kovu la goti ni la Felisita. Alianguka kwenye mkokoteni wa pamba akiwa mdogo.

Nikajaribu kusoma chini, kwenye maandishi madogo. Macho yalikataa. Nikaenda kwa Joyness.

"Nisomee hapa."

"Kaka Ngassa, una nini? Mbona umekauka midomo?"

"Soma."

Akasoma kwa sauti ya kawaida, kama anasoma risiti. "Wimbo wa tisa. Umerekodiwa tarehe ishirini na moja Septemba. Mtoataarifa namba saba, mwanamume, elimu darasa la tano, mfanyabiashara mdogo."

"Mtoataarifa ndiyo nini?"

"Si mtu aliyetoa hizo habari. Wanaficha majina, wanaweka namba." Akaniangalia. "Tarehe ishirini na moja Septemba si ndiyo mlimzika mama yako?"

"Endelea."

"Lugha ya mtoataarifa huyu inaonesha fikra za kichungaji ambazo bado hazijatofautisha mke na mfugo. Mtafiti msaidizi, anayemfahamu kwa karibu, anaeleza kwamba..."

Akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Anaeleza kwamba nini?"

"Kaka, niache hapa."

"Joyness, soma."

Akasoma harakaharaka, amekiinamia kitabu. "Anaeleza kwamba, 'huongea na mwanamke kama anavyoongea na ng'ombe kwa kuwa hiyo ndiyo lugha pekee ya mapenzi aliyojaliwa. Ni mtu wa kuhurumiwa zaidi kuliko kupendwa.'"

Mashine yake ya nakala ilikuwa inanguruma. Akaizima.

"Mtafiti msaidizi ni nani?" nikamuuliza, na jibu ninalo.

Akafungua kurasa za mwanzo. Kwenye shukrani, mstari wa nne: *Shukrani za pekee kwa mtafiti msaidizi wangu, Bi. Felisita Anatoli, aliyenifungulia mlango ambao mgeni asingeweza kuufungua.*

"Labda ni Felisita mwingine," Joyness akasema.

"Wangapi Bariadi ni Felisita Anatoli?"

Akakifunga kitabu.

Nikampigia Method. Alipokea haraka, sauti ya kitajiri.

"Mzee wangu Ngassa! Habari za Bariadi? Kitabu kimekufikia?"

"Kimenifikia. Namba saba ni nani?"

"Samahani?"

"Namba saba, Method. Ukurasa wa 142."

Akacheka cheko la kupoza.

"Kaka, kwanza hongera. Unajua zile nyimbo zako ndizo bora kuliko zote? Mwenzangu mmoja hapa chuoni alisoma akalia. Hiyo ni heshima kubwa."

"Nilikuimbia wewe?"

"Hapana, sauti nilipewa na Felisita. Lakini kila kitu kilifuata utaratibu. Ulisaini fomu ya ridhaa."

"Sijawahi kusaini fomu yako."

"Ninayo hapa. Subiri nakutumia."

Simu ikalia. Picha ikaingia. Fomu, muhuri, na chini yake saini yangu, ile ninayoijua, N kubwa inayolala. Tarehe ishirini na tano Septemba.

Siku hiyo naikumbuka. Nilikuwa nimetoka msibani siku hiyo hiyo. Felisita alikuja kibandani na sato wa kukaanga kwenye hotipoti, akanilisha kwa mkono wake mbele za watu, halafu akatoa karatasi.

"Saini hapa, baba. Ni fomu ya mafundisho ya ndoa, parokia wanaitaka."

Nikasaini na vidole vyenye mafuta ya samaki. Doa la mafuta bado linaonekana kwenye picha. Mimi niuzaye vitabu, niliyewaambia wateja mara elfu wasome kabla ya kulipa, nilisaini karatasi bila kuisoma kwa sababu aliyeileta alikuwa ananitolea miiba isinikwame.

Nikampigia tena Method.

"Yale maneno ya kuhurumiwa. Ni yako au ni yake?"

"Kaka, hiyo ni lugha ya kitaaluma, usiichukue..."

"Ni yako au ni yake?"

"Yapo kwenye alama za kunukuu," akasema taratibu. "Ni yake."

Saa tisa na nusu bodaboda ikasimama. Felisita akashuka na begi la madaftari, kitenge kipya, nywele amesuka kwa ajili ya Jumamosi. Alipoliona boksi limefunguliwa akasimama pale pale. Mwenye bodaboda akadai nauli mara mbili ndipo akasikia.

"Uliahidi," akaniambia.

"Niliahidi."

"Umesoma?"

"Nimesomewa. Mimi si unanijua, huwa nahesabu tu."

Akaweka begi chini. Joyness akajifanya anatafuta kitu chini ya meza yake.

"Ngassa, naomba tuondoke hapa, tukaongee mahali."

"Mahali gani? Nyimbo zangu zinasomwa mpaka chuo, wewe unaona aibu ya stendi?"

"Nilitaka nikuambie mwenyewe. Baada ya ndoa, tukiwa tumetulia. Nilijua wewe vitabu vya namna hii husomi, nikasema nina muda, mpaka Method aliponiambia muuzaji wa Mwanza anakutumia."

"Umelala naye?"

"Hapana! Haki ya Mungu, Ngassa, Method hajanigusa hata mkono. Muulize mtu yeyote."

"Alikupa nini?"

Akakaa kwenye benchi. Benchi lile lile.

"Nafasi," akasema. "Nafasi ya kusoma shahada ya pili, na mfadhili. Alisema akipata nyimbo ambazo hakuna mtu mwingine anazo, ataniingiza kwenye mradi wake. Nina miaka thelathini na nane, Ngassa. Mwaka wa kumi na mbili nafundisha kidato cha pili, shairi lile lile, maswali yale yale. Watu niliosoma nao ni madokta. Wewe ulishawahi kuniuliza hata siku moja, Felisita unataka nini?"

Swali hilo lilinipata. Sitadanganya. Nilikuwa nimemwimbia miaka mitatu na sikuwahi kumuuliza.

"Ungeniambia," nikasema. "Ningeuza ng'ombe ukasome."

"Ungeuza ng'ombe, halafu maisha yangu yote ningekuwa mwanamke uliyemsomesha kwa ng'ombe."

"Kwa hiyo ukaona bora uniuze mimi."

"Sikukuuza. Hawakuandika jina lako!"

"Ndiyo, wameandika lako. Mimi ni namba."

Akaanza kulia. Zamani kilio chake kilikuwa kinanivunja miguu. Siku ile nilikitazama tu kama mvua inayonyesha kwenye shamba la mtu mwingine.

"Lile neno la kuhurumiwa," nikamwambia. "Ulilisema?"

"Lilikuwa zamani. Kabla sijakupenda."

"Felisita, lipo chini ya wimbo wa Septemba. Washenga wangu walikuja kwenu Julai. Ulikuwa umeshapokea posa."

Akafuta macho, akanitazama.

"Method aliniuliza ninakuonaje. Alikuwa anacheka. Ningemwambia mwalimu kama mimi anampenda mtu wa darasa la tano anayemwita ng'ombe, angeniona nini? Nikasema hivyo ili asinicheke. Sikujua ataandika."

"Kwa hiyo ulinionea aibu."

"Siku ile, ndiyo."

"Na sauti ya siku nimemzika mama ukampelekea."

"Ndiyo."

"Halafu ukaniletea samaki."

Akainamisha kichwa.

"Bora ungelala naye," nikamwambia. "Hilo ningegomba, ningepiga mtu, ningesamehe. Mwili ukioga unatakata. Yale maneno sikuwa na mengine."

"Ngassa, Jumamosi watu wameshaalikwa. Baba ana presha. Usimfanyie hivi baba yangu."

"Jumamosi nitakuja Sola."

"Utakuja?" Akanyanyua uso, na matumaini kidogo yakamwingia machoni. "Kweli utakuja?"

"Nimesema nitakuja."

Mdogo wangu Salu ndiye aliyekuwa na ng'ombe. Alikuwa ameshawatoa Mwandoya, amewalaza kwa jamaa yetu njiani. Nikampigia.

"Warudishe."

"Nani?"

"Ng'ombe."

"Kaka, umelewa? Nimewaosha! Yule dume mweupe nimemsugua mpaka kwato!"

"Warudishe, Salu."

"Wamekataa? Wanataka kumi na wawili? Waambie nina ndama wa..."

"Hawajakataa. Nimekataa mimi."

Akanyamaza. Salu hanyamazi hata kanisani.

"Sawa, kaka," akasema. "Ila yule mweupe sasa atafikiri alikuwa anaoga kwa ajili ya nini?"

Ndicho kitu pekee kilichonichekesha wiki ile.

Jumamosi nikafika Sola saa nne asubuhi, nimevaa shati jeupe, na gazeti nimezungushia kitabu cha kijani. Uwanjani kwa Mwalimu Anatoli wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki tayari kukagua ng'ombe, mmoja mmoja, pembe, meno na kwato, kama inavyofanywa. Zizi limefagiliwa. Akina mama wanapepeta mchele. Felisita alikuwa mlangoni. Aliponiona mikono mitupu akashika nguzo ya mlango.

"Mwadila, baba," nikamsalimia Mwalimu.

"Mwadila, mwanangu. Karibu. Ng'ombe wako nyuma?"

"Hawapo, Mwalimu."

Wazee wakageuka. Mmoja akauliza, "Hawapo maana yake nini? Gari limeharibika?"

"Gari zima. Nimemletea Mwalimu kitabu."

Mwalimu Anatoli alifundisha miaka thelathini na nne. Ukimpa kitabu hawezi kukiweka chini. Akalifungua gazeti, akavaa miwani. Nilikuwa nimekunja ukurasa. Akasoma wimbo, midomo ikichezacheza. Akatikisa kichwa kwa kupenda.

"Huu wimbo ni mzuri sana. Wa nani?"

"Endelea chini, Mwalimu."

Akaendelea. Nikaiona midomo inasimama. Akarudi mwanzo wa kitabu mwenyewe, bila kuambiwa. Mtu aliyezoea vitabu anajua majina hukaa wapi. Akalipata. Akakaa nalo muda mrefu mpaka mama mmoja akaacha kupepeta.

"Felisita."

"Abee, baba."

"Njoo usome hapa. Kwa sauti."

"Baba, naomba..."

"Nilikufundisha kusoma mimi, una miaka minne, kwenye mlango huo huo uliosimama. Soma."

Akaja. Akakishika kitabu. Alisoma wimbo wote, na nikwambie ukweli ambao sijamwambia mtu: aliusoma vizuri. Aliusoma kama mtu anayeusikia. Alipofika kwenye kovu sauti ikapanda kidogo. Akaingia maandishi madogo. "Mtoataarifa namba saba, mwanamume, elimu darasa la tano..." Akafika kwenye alama za kunukuu. "Ni mtu wa..."

Akasimama.

"Wa nini?" Mwalimu akauliza.

"Baba, siwezi."

"Uliweza kusema. Soma."

"Wa kuhurumiwa zaidi kuliko kupendwa."

Wazee wale wengi wao darasa la nne, la pili, wengine hawakukanyaga shule kabisa. Wote walichunga. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzee aliyeuliza habari za gari alinyanyuka, akakung'uta suruali, akaelekea ilipo baiskeli yake.

Mwalimu akavua miwani.

"Huyu anayesemwa ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Na aliyesema ni huyu?"

Felisita akajibu mwenyewe. "Ni mimi, baba."

Mwalimu akanirudishia kitabu kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu kitu chake.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Hapa hakuna ng'ombe anayesubiriwa."

"Wabeja, Mwalimu," nikamshukuru.

Felisita alinifuata mpaka barabarani, pekupeku, kitenge kinaburuza.

"Ngassa! Hata kama hunioi, sema neno. Nitukane! Nipige kofi! Usiondoke kimya!"

Nilikuwa na maneno. Lakini nilijiuliza nikiyasema yatachapwa wapi.

Nikaondoka.

Septemba hii Felisita ameenda chuo. Nafasi aliipata, na nasikia anasoma vizuri. Mwalimu Anatoli hunitumia mtu anunue magazeti ya zamani kwangu, na hajataja jina la binti yake. Joyness amejaribu kuniunganisha na dada zake wawili, nimekataa wote. Salu amemuuza yule dume mweupe.

Vitabu vya kijani sikuvirudisha Mwanza. Nilinunua kalamu ya wino mweusi, nikakaa kwenye benchi, nikaanza kufungua nakala moja moja, ukurasa wa 142, kila mteja alipoiulizia. Pale walipoandika *Mtoataarifa Na. 7* nikawa napiga mstari mmoja, naandika juu yake kwa herufi zangu za darasa la tano: NGASSA MAYIGE WA MWANDOYA. Maneno ya kuhurumiwa niliyaacha yalivyo. Yana mwenyewe.

Vinanunuliwa kuliko mashairi yote niliyonayo. Method alinipigia baada ya mtu kumtumia picha.

"Kaka, unaharibu kazi ya kitaaluma."

"Nimevilipia."

"Utambulisho wa mtoataarifa unalindwa na sheria za utafiti."

"Ulikuwa unanilinda mimi?"

Hakupiga tena.

Jana mchana nilikuwa nimebakiza nakala moja isiyoandikwa. Simu ikaingia ujumbe. Namba nilishaifuta lakini naijua kwa kichwa.

"Ngassa, leo tumefundishwa wimbo wako darasani. Mhadhiri ameuchambua saa nzima na hajaelewa kitu. Nimetoka nje nimelia. Sikuombi unioe. Naomba unitumie sauti yako mara moja tu, uniite Mbula. Basi."

Niliusoma mwenyewe, kwa kidole, mpaka mwisho. Miaka mitatu sikuwahi kumwandikia Felisita hata mstari, kwa aibu ya mwandiko. Siku hiyo niliandika. Ilinichukua muda kutafuta herufi.

"Wimbo upo kwenye kitabu. Ukurasa wa 142."

Nikatuma. Nikaiweka simu kifudifudi, nikachukua kalamu, nikaandika jina langu kwenye nakala ya mwisho.